Chini ya Maua ya Zinki

Mtu akiingia dukani kununua bati la zinki, jicho lake huenda kwanza kwenye maua, zile nyota za kijivu zinazometameta juu ya bati jipya. Kisha anauliza geji. Kisha bei. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia mbele ya mashine za presi hapa Dar es Salaam, nikitengeneza makarai ya mafundi ujenzi, mabeseni na vifuniko vya mapipa, na ni mara chache sana nimemsikia mnunuzi akiuliza jambo ambalo kwangu linatangulia yote hayo: chini ya hiyo zinki kuna chuma cha namna gani?

Hapo ndipo inapoamuliwa kama bati litakubali kuwa karai au litapasuka tumboni na kuishia kwenye chuma chakavu. Nimeona karakana ndogo zikifungwa kwa sababu ya bati lisilofaa kazi yake, na wenye karakana wakiamini hadi mwisho kwamba tatizo lilikuwa mashine yao. Ndiyo maana naandika.

Nianze na hayo maua, maana yamepotosha wengi. Zinki ya moto ikiwa juu ya bati huganda kwa fuwele, na kila ua unaloliona ni fuwele moja iliyopata nafasi ya kutanuka kabla ya kuzuiwa na jirani zake. Zamani zinki iliyoyeyushwa kiwandani ilikuwa na madini ya risasi kidogo ndani yake, na risasi hiyo ndiyo iliyozifanya fuwele zikue zikawa kubwa. Viwanda vingi vimeiondoa kwa sababu za afya na mazingira, na vingine huyadumaza maua makusudi ili rangi ikae vizuri juu ya bati. Kwa hiyo bati lenye maua makubwa si lazima liwe na zinki nyingi, na lile la kijivu lililopoa, lisilo na ua hata moja, linaweza kuwa ndilo bora kuliko yote yaliyopo dukani.

Kiasi cha zinki kina kipimo chake. Kwenye lebo ya koili, yaani bati refu lililoviringwa kama lilivyotoka kiwandani, utakuta Z100, Z140, Z275 na kadhalika. Namba hiyo ni gramu za zinki kwa kila mita moja ya mraba ya bati, upande wa juu na wa chini kwa pamoja. Z275 ni takriban maikroni 20 kila upande, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Z100 ni kama maikroni 7. Jicho haliwezi kupambanua maikroni 7 na 20, liwe la fundi mzoefu au la mtoto.

Geji nayo inatwambia unene tu, namba ikipanda bati linapungua. Haisemi lolote kuhusu ulaini.

Sasa, mabati mengi yanayouzwa kwetu yametengenezwa kwa ajili ya paa, na paa lina mahitaji yake. Chuma kinaingia kwenye rola kikiwa baridi, kinabanwa na kubanwa tena hadi unene wake wa mwanzo upungue kwa zaidi ya nusu. Kila kikibanwa kinakuwa kigumu zaidi. Kwa mabati mengi ya paa ugumu huo huachwa ulivyo, au hupunguzwa kidogo tu. Daraja linalojulikana sana ni G550: ili uanze kulinyoosha lisirudi tena unahitaji nguvu ya megapaskali 550 (kipimo cha nguvu kwa eneo), na likishaanza kunyooka halihakikishiwi zaidi ya asilimia 2 kabla ya kukatika. Kwa paa hiyo ni sifa njema. Bati jembamba lenye migongo linabeba fundi anayetembea juu yake, upepo wa kaskazi unalipiga bila kulikunja, na mwenye nyumba analipia chuma kichache. Kwa presi, hilo bati ni adui.

Kuna kijana mmoja, fundi hodari wa kukunja mabati, aliyeniletea vipande vilivyobaki kwenye kazi ya paa. Alitaka tumtolee makarai kadhaa. Nilimwambia hayatatoka.

"Shikamoo mzee, lakini tazama mwenyewe. Geji ile ile unayotumia, maua yale yale."

"Marahaba. Lete kimoja tujaribu, uone kwa macho yako."

Tulikata duara, tukalipaka mafuta, tukaliweka juu ya dai, yaani umbo la chuma lenye tundu linalopokea bati. Panchi, chuma kinacholisukuma bati ndani ya dai, ilishuka. Bati zuri likivutwa halitoi kelele, unasikia mashine tu. Hili lilitoa mlio mkavu panchi ikiwa haijafika hata robo ya safari yake, na tulipoinua, kitako kilikuwa kimekatika nusu duara pale pale ukingo wa panchi ulipogusa. Sehemu iliyokatika haikuwa imekonda hata kidogo. Nilimshikisha kidole pembeni mwa ufa: unene wa bati ulikuwa ule ule hadi kwenye mkato. Chuma laini hukonda kwanza kabla ya kukatika, na ukipitisha kidole unahisi kabisa mteremko. Kile hakikuwa na cha kukonda.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi ujue presi inalifanya nini duara la bati. Wengi hudhani panchi inalisukuma bati chini likanyooka, kama mtu anayesukuma ngozi ya ngoma kwa ngumi. Kwenye kuvuta kwa kina, yaani kulitoa duara bapa likawa chombo chenye kina, sehemu kubwa ya kazi haifanyiki chini ya panchi. Inafanyika pembezoni. Ukingo wa duara unaburutwa kuelekea katikati, na kila unaposogea ndani, mzingo wake unalazimika kupungua. Chuma kile kile kinatakiwa kienee kwenye mzingo mdogo zaidi, kwa hiyo kinataka kujikunja makunyanzi. Kibano kinachokandamiza ukingo kinazuia makunyanzi hayo. Kikibana kidogo, karai linatoka limekunjamana kama sketi. Kikibana sana, ukingo unagoma kuingia, na mzigo wote unaangukia ukuta wa karai, hasa ile pete nyembamba karibu na kitako. Hapo ndipo panapokatika.

Kuna mpaka ambao hata bati bora haliuvuki. Duara likiwa na kipenyo cha zaidi kidogo ya mara mbili ya kipenyo cha panchi, haliwezi kuvutwa kwa mpigo mmoja, maana ukuta hauna nguvu ya kuuburuta ukingo wote huo. Karai la ujenzi ni pana na fupi, halifiki karibu na mpaka huo. Lakini kitako chake cha mviringo kinanyooshwa pande zote kwa wakati mmoja, na hilo nalo linataka chuma chenye subira. Ndoo ni habari nyingine kabisa. Ndoo nyingi za bati za hapa kwetu hazikuvutwa: bati limezungushwa, kingo zikafumbatana kwa kukunjwa, kitako kikawekwa peke yake. Ukiona mshono ubavuni, ujue bati hilo liliombwa kukunjika tu, na kukunjika ni ombi dogo.

Chuma chenye subira hupimwa kwa namba mbili ambazo ningependa kila mwenye presi azijue. Ya kwanza huandikwa kwa herufi n. Inaeleza jinsi chuma kinavyokaza pale kinaponyooshwa. Sehemu iliyoanza kukonda ikikaza haraka, inawarushia jirani zake mzigo, nao wananyooka kwa zamu yao, hivyo kukonda kunaenea badala ya kukusanyika mahali pamoja. Namba ya pili ni r, na hii ndiyo roho ya kuvuta kwa kina. Chukua ukanda wa bati uuvute kwa urefu. Lazima upungue mahali, ama kwa upana ama kwa unene. Namba r ni upungufu wa upana ukigawanywa kwa upungufu wa unene. Ikiwa 1, vinapungua sawasawa. Ikiwa 2, upana umekubali kuingia mara mbili zaidi na unene umelindwa. Bati la namna hiyo linaingia kwenye dai ukuta wake ukiwa bado na mwili.

Viwango vya Ulaya vya EN 10346 vimeyapanga mabati haya kwa madaraja, na herufi zake zimeandikwa kwenye lebo za koili zinazoshuka bandarini. DX51D ni la kukunja na kupiga migongo. DX52D linavutika kiasi. DX53D ndilo la kuvutwa kwa kina, kisha yanafuata DX54D, DX56D na DX57D kwa kazi ngumu zaidi na zaidi. DX51D linatakiwa linyooke angalau asilimia 22 kabla ya kukatika, DX53D asilimia 30, DX54D asilimia 36, DX56D asilimia 39. Namba r inaanza kudaiwa kwenye DX54D, isipungue 1.6, na kwenye DX56D isipungue 1.9.

Nitazame zaidi hilo DX51D, kwa sababu ndilo linalotuumiza. Nguvu yake ya kukatika inaruhusiwa kuwa popote kati ya megapaskali 270 na 500. Huo ni uwanja mpana mno. Koili mbili zenye lebo moja, za kiwanda kimoja, zinaweza kuwa moja laini ya kupendeza na nyingine ngumu ya kukera, na zote mbili ni halali. Fundi anapata makarai mazuri mwezi huu, mwezi unaofuata nusu yanapasuka, anaanza kuirekebisha presi, anabadilisha mafuta, anamlaumu kijana anayebana kibano. Kumbe koili imebadilika. Lebo za Asia zinasema hivyo hivyo kwa herufi nyingine: kwenye viwango vya Japani SGCC ni la kawaida, SGCH ni gumu, na SGCD yenye namba mbele yake ndilo la kuvutwa. Wamarekani wanaandika CS kwa la kawaida, na FS, DDS na EDDS kwa madaraja ya kuvutwa.

Tofauti kati ya madaraja haya inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye kaboni. Chuma laini cha kawaida kina kaboni kiasi cha asilimia 0.05 hivi. Ni kidogo, lakini atomu za kaboni na za nitrojeni zinajipenyeza katikati ya atomu za chuma na kuzizuia kuteleza. Zina tabia nyingine mbaya zaidi: zinahama polepole. Bati linaweza kutoka kiwandani likiwa laini, likakaa ghalani kwenye joto letu la pwani miezi kadhaa, na likifika kwenye presi likatokeza mistari ya mawimbi juu ya uso, kama chuma kinaruka hatua badala ya kutembea. Atomu zile zimeshapata mahali pa kujishikiza. Kwa mabati ya namna hiyo, muda wa kukaa ghalani ni sehemu ya ubora wake, na mwenye karakana anayenunua koili ya zamani kwa bei nafuu ni vema alijue hilo.

Jibu la viwanda vikubwa lilikuwa kuiondoa kaboni karibu yote. Chuma kikiwa bado kimeyeyuka kinapitishwa kwenye chombo kilichonyonywa hewa, kaboni inatoka kama gesi hadi inabaki chini ya sehemu 30 katika kila milioni. Kisha wanatia metali za titani au niobi kidogo, nazo zinaikamata kaboni na nitrojeni iliyosalia na kuifunga. Hakuna tena atomu inayorandaranda. Chuma hicho kikibanwa kwenye rola na kupashwa moto ipasavyo, fuwele zake hujipanga kwa mwelekeo unaolinda unene, ndiyo maana namba r inapanda. Mabapa ya milango ya magari, matenki ya mafuta, vingi vya vitu hivyo vinatoka kwenye ukoo huu wa chuma.

Hata hivyo mpangilio wa fuwele haulingani pande zote. Vuta kikombe kirefu kwenye presi na usiupunguze mdomo wake. Utaona ukingo umepanda na kushuka, mara nyingi kwa vilele vinne vinavyotazamana. Tunaviita masikio. Kila sikio linaonyesha upande ambao bati lilikubali zaidi, na kila bonde upande lililokaza. Mimi hupenda kuyatazama masikio ya kipande cha kwanza cha koili mpya kabla ya kuyakata, maana yananiambia namna koili ilivyopita kwenye rola kuliko maneno ya muuzaji.

Zinki inaingia wapi katika haya yote? Inaingia pagumu, kwa sababu ulaini wa chuma na upakaji wa zinki unafanyika kwenye safari moja, bila kusimama.

Kabla ya miaka ya 1930 mabati yalitumbukizwa kwenye zinki moja moja. Yalisafishwa kwa asidi, yakapakwa chumvi, yakazamishwa. Kati ya chuma na zinki lilijengeka tabaka nene la aloi ya vyote viwili, gumu na lenye kuvunjika. Bati hilo likikunjwa sana, zinki inabanduka kwa magamba. Kulivuta kwa kina lilikuwa jambo la kusahau. Aliyebadilisha hali hiyo alikuwa mhandisi wa Kipolandi, Tadeusz Sendzimir, aliyezaliwa Lwów mwaka 1894. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimsukuma mashariki hadi Shanghai, akaanzisha kiwanda cha misumari na waya, na huko ndiko alikoanza kuhangaika na swali la kwa nini zinki haishikani vizuri na chuma. Aliona kwamba kizuizi ni utando mwembamba wa oksidi juu ya chuma. Ukipasha chuma ndani ya tanuri lenye haidrojeni, oksidi inaondoka, na ukikiingiza kwenye zinki bila kukigusisha hewa, vinashikana papo hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtambo wake ulikuwa unafanya kazi Poland, na kabla ya muongo huo kwisha alikuwa amefika Marekani. Alifariki mwaka 1989. Mwaka uliofuata kiwanda kikubwa cha chuma cha Nowa Huta mjini Kraków, kilichokuwa na jina la Lenin, kikapewa jina lake.

Mitambo ya leo bado inafuata wazo lake. Koili za chuma kigumu kilichotoka kwenye rola zinaunganishwa mkia kwa kichwa ili utepe usikatike. Utepe unaoshwa mafuta, unaingia kwenye tanuri la nitrojeni na haidrojeni, na hapo, kwa nyuzi joto 700 hadi zaidi ya 800, chuma kinapumzishwa. Yeyote aliyewahi kupika chapati ameshaona jambo hili: donge likikandwa linakaza, ukililazimisha kuwa pana linarudi, ukiliacha lipumzike linalegea na kutanuka. Kisha utepe unapozwa hadi karibu na nyuzi 460 na kuzama kwenye zinki iliyoyeyuka kwa sekunde chache tu. Ukitoka, visu vya hewa vinaipuliza zinki iliyozidi, na nguvu ya hewa hiyo ndiyo inayoamua iwe Z100 au Z275. Bati la paa na bati la karai vinaweza kupita kwenye mtambo uleule. Tofauti ni joto la tanuri, mwendo wa utepe, na chuma kilichoingia mwanzoni.

Ndani ya zinki hiyo kuna siri ndogo ninayoiona nzuri kuliko yote: alumini, karibu asilimia 0.2. Chuma kikigusa zinki, alumini ndiyo inayowahi. Inajenga juu ya chuma utando mwembamba mno wa aloi ya chuma na alumini, na utando huo unaizuia zinki isiendelee kuungana na chuma na kutengeneza lile tabaka nene linalovunjika. Zinki inayobaki juu ni karibu safi na laini. Panchi ikishuka, inanyooka pamoja na chuma bila kubanduka. Bila alumini hiyo kidogo, kuvuta bati la zinki kwa kina kusingewezekana.

Ulaini huo una gharama yake kwenye dai. Zinki laini inasuguliwa kwenye ukingo wa dai chini ya shinikizo kubwa, na chembe zake zinang'ang'ania pale. Kwa jicho huoni kitu. Pitisha ncha ya kidole kwenye ukingo baada ya zamu ya asubuhi, utahisi vijidonge vidogo. Kila kijidonge kinachora mstari kwenye ukuta wa karai linalofuata, kuanzia mdomoni kushuka hadi kitakoni, na mstari huo ni zinki iliyokwanguliwa. Baada ya hapo vijidonge vinakua haraka. Dawa ni kazi ya mikono: kuusafisha ukingo, kuung'arisha kwa jiwe laini kwa kufuata mwelekeo bati linakotembea, na mafuta yanayofaa, yaliyopakwa sawasawa. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, yanayoonekana karakana nyingi kwa sababu ni ya bure, yana unga wa chuma na masizi ndani yake. Yanakwangua, na yanaharibu ngozi ya mikono ya vijana wetu. Nayapiga vita kila ninapopata nafasi.

Kuna jambo la hesabu ambalo mnunuzi wa karai hastahili kufichwa. Bati likinyooshwa, eneo lake linaongezeka, na zinki iliyo juu yake ni ile ile. Mahali palipotanuka kwa asilimia 20, zinki imekonda kwa kiasi hicho hicho kwa karibu. Ndiyo maana kutu ya karai huanza kwenye ile pete kitako kinapogeuka kuwa ukuta, palipovutwa zaidi. Kwa bahati zinki haifanyi kazi kama rangi. Hata pale ilipokwanguka kidogo au pembeni palipokatwa, zinki iliyo jirani inajitoa kuliwa kwanza na chuma kinasalimika. Lakini kujitoa huko kuna mwisho, na kwa karai la ujenzi mwisho huo unakuja mapema, kwa sababu zege mbichi ni kali na inaila zinki moja kwa moja. Karai lililooshwa kila jioni linaishi muda mrefu kuliko lililoachwa na ganda la saruji.

Kwa hiyo ukitengeneza karai usiangalie bei ya Z100 peke yake. Bati la DX53D lenye Z200 ni ghali, nalijua hilo vizuri kuliko wateja wangu. Bado nalitafuta.

Nako kulihifadhi bati ni kazi. Hapa pwani unyevu unaingia katikati ya mabati yaliyolaliana, hewa haipiti, na baada ya wiki chache unakuta unga mweupe umeota. Watu wanaita kutu nyeupe. Zinki iliyogeuka unga haitarudi kuwa zinki, na uso ule unakwaruza dai vibaya. Mabati yawekwe juu ya mbao, yainamishwe kidogo maji yatoke, na yaliyolowa yatenganishwe siku hiyo hiyo.

Mafundi bodi wa Gerezani, eneo la karakana hapa Dar es Salaam, wanakutana na ukoo huu wa bati kila siku pengine bila kuupa jina. Magari mengi yanayoshuka bandarini yametoka Japani yakiwa yametumika, na mabapa ya milango na boneti zake mara nyingi ni bati lililopitishwa motoni tena baada ya zinki, hadi chuma kikapanda ndani ya zinki kwa kiasi cha asilimia 10. Uso wake ni wa kijivu kisichong'aa. Unachomeleka vizuri na rangi inaushika, lakini ni mkavu, na ukivutwa sana unatoa unga. Ukiukwangua hadi chuma kitupu ili upige puti, umeondoa ulinzi wenyewe, basi usiache kupaka rangi ya msingi yenye zinki kabla ya kitu kingine chochote.

Na ukichomelea, toka nje. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, chini kabisa ya joto la kuyeyusha chuma, na ule moshi mweupe unaopanda ni oksidi ya zinki. Saa chache baadaye mtu anapata homa, baridi, kichwa, ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida inapita kwa siku moja au mbili, hivyo watu wanazoea. Karakana nyingi kinanunuliwa kifuko cha maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi moshi ulioingia mapafuni. Kinachosaidia ni kukwangua zinki pembeni mwa mshono kabla ya kuwasha, kukaa upande upepo unakotoka, na kuvaa barakoa ya mafundi yenye chujio, ile ya kitambaa haitoshi.

Najua tatizo la wenye karakana ndogo si ujinga. Koili nzima ina uzito wa tani kadhaa, na hakuna kati yetu anayeweza kuinunua peke yake. Tunanunua mabati yaliyokwisha kukatwa, nane kwa nne, na lebo imebaki kwenye koili ghalani kwa mtu mwingine. Tukilifikisha bati kwenye presi tumeshapoteza jina lake. Tunachoweza kufanya ni kuchukua kipande na kukijaribu. Maabara zina kifaa kinachosukuma tufe la milimita 20 kwenye bati hadi lipasuke, na kina cha shimo ndicho jibu. Karakana inaweza kujitengenezea chake kwa jeki ndogo na gololi, kikawa kinapima koili dhidi ya koili hata kama hakitoi namba ya kimataifa. Tazama na ufa wenyewe: ukizunguka duara, chuma kimevumilia pande zote, ukikimbia kwa mstari mmoja ulionyooka, bati lina upande dhaifu.

Ninachowaomba wauza mabati ni kidogo tu. Koili ikifunguliwa, cheti cha kiwanda kilichokuja nayo kisiingie kabatini. Kitolewe nakala, na juu ya kila bunda linalokatwa yaandikwe mambo matatu, daraja, uzito wa zinki na namba ya koili. Kalamu ya rangi inatosha, na bunda zima linaandikwa kabla gari halijamaliza kupakia.